Hakuna Aliyemjibia Fisi

Paukwa!
— Pakawa!
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
Basi sogeeni. Na wewe unayetafuna mhogo huko nyuma, tafuna polepole, hii si ya kuchekacheka.

Zamani msitu mmoja ulikuwa na mpiga mbiu wake, Kunguru. Kila alfajiri alitua juu ya mti mkavu akatangaza habari. Na desturi yao ilikuwa hii: anayetuhumiwa hajijibii mwenyewe, lazima mwingine amjibie. Tuhuma ikilia asubuhi tatu bila jibu, basi imekuwa kweli, na hukumu inapita.

Alfajiri moja Kunguru akalia: "Kraa! Digidigi kauawa bwawani jana mchana! Fisi kamuua! Kraa!"

Wanyama wakakimbilia bwawani, wakamkuta kweli. Shingo imetobolewa. Maji tuli. Hata vyura walikuwa wamenyamaza.

Bi Kanga manyoya yakamsisimka. Jana kutwa Fisi alikuwa kwake! Alimaliza chungu cha kunde, nyam nyam nyam, akamaliza mtama wa mbegu, akalala mlangoni akikoroma mpaka jua likazama. Ndiyo tabia yake, leo kwa huyu kesho kwa yule, na ukimnyima anakuonyesha meno.

Kanga akafungua mdomo ajibu. Nguchiro, jirani yake mdogo mwenye macho mekundu, akamuwahi.

"Shoga, unataka kusema nini?"

"Fisi alikuwa kwangu."

"Akifanya nini?"

"Akila kunde."

"Za wanao?"

Kanga akatikisa kichwa kukubali.

"Asubuhi tatu tu, shoga. Ukifunga mdomo, hutamwona tena mlangoni."

Asubuhi ya pili: "Kraa! Fisi kamuua! Alikuwa na damu mdomoni! Kraa!"

Fisi akapiga kelele, "Uwongo! Nilikuwa kwa Kanga! Bi Kanga, nijibie!"

Kanga akajifanya anafagia uwanja, chwa chwa chwa. Nungunungu akasema, "Hata mimi niliiona hiyo damu." Na jana yake huyu huyu alisema hakuona kitu!

Asubuhi ya tatu: "Kraa! Fisi kamuua! Tena alikuwa anacheka! Kraa!"

Sasa kila mmoja alikumbuka kicheko hicho. Hata Kanga, masikini, alipofumba macho aliiona damu kwenye midomo iliyokula kunde zake. Akaogopa. Ilikuwa damu, au mchuzi?

Fisi hakumtazama mwingine ila yeye. "Bi Kanga, nimekula chakula chako, najua. Nijibie, tafadhali."

Hakuna aliyemjibia.

Wakamfukuza ng'ambo ya mlima, kusiko na tone la maji. Siku tatu walimsikia akilia kwa mbali, uuu-wi! uuu-wi! Siku ya nne hakusikika tena.

Kanga akapika kunde. Akaziacha chunguni. Akamwendea Nguchiro.

"Shoga, Kunguru alitangaza kabla mwili haujaonekana. Nani alimwambia?"

"Mimi," akasema Nguchiro, akijilamba vidole.

"Na wewe ulijuaje?"

Nguchiro akamtazama weee, mpaka Kanga akarudi nyuma hatua mbili. Kisha akatabasamu. "Una maswali mengi siku hizi, shoga."

Alfajiri iliyofuata: "Kraa! Fisi hakuwa peke yake! Kanga ndiye aliyemshika Digidigi miguu! Kraa!"

Kanga akatoka mbio. Akawakuta wote wamesimama uwanjani kwake, wanamtazama, hakuna anayepepesa.

"Nijibieni, jamani! Siku ile nilikuwa ndani kutwa, sikutoka!"

"Nani alikuona?" akauliza Nungunungu.

Kanga akageuka kuutazama mlima. Aliyemwona alikuwa mmoja tu, naye yuko ng'ambo ya mlima.

Ngano yangu nimeitua hapo, mwenye nguvu aibebe. Na funzo lake, wanangu: Kunguru hakosei, na jirani akikwambia nyamaza, nyamaza. Haya, mbona mnatazamana?