Jina la Mtoto wa Siwema

Hapo zamani, zamani ambazo mimi sikuwapo na wewe hukuwapo, kwa hiyo tusibishane, palikuwa na zizi ambalo wenyewe walilihama. Ng'ombe wakaondoka, samadi ikabaki, na ndani ya samadi wakaishi mbawakawa. Ungewaona ungesema wadudu tu. Kumbe walikuwa na ujirani wao, umbeya wao, na hofu yao moja kubwa. Hofu hiyo ilikuwa ndege, jina lake Kanga.

Kanga alikuja jua likiwa utosini. Kwanza zilisikika kucha: paru, paru, paru, zikipekua ardhi. Kisha kimya. Kisha jirani mmoja hayupo.

Siwema alikuwa mjane. Kanga alimla mumewe, akawala na wanawe, akabaki mmoja tu aliyekuwa bado ndani ya donge la samadi, donge ambalo mama mtu alilifinyanga akalificha shimoni. Kutwa Siwema alilikumbatia akisikiliza. Mtoto akijigeuza ndani, alifurahi. Majani yakichakarika nje, alilifunika kwa mwili wake.

Sasa pale zizini palikuwa na mila. Kinga ilikwenda na jina. Mtoto anapotoboa donge, mama humwita kwa jina la yule aliyemwokoa, kabla miguu haijagusa ardhi, na kinga ya mwenye jina ndiyo inayokuwa yake, na mwenye jina humfunza kuitumia. Jina moja, kinga moja, na likishatamkwa halirudi. Siwema mwenyewe alipewa jina la bibi aliyejua kuchimba. Ole wake, Kanga naye alijua kuchimba.

Basi siku hiyo kucha zikaja mpaka mlangoni pa shimo. Pale mlangoni alikuwapo jirani yake Makame, fukusi, amekuja kuomba kipande cha samadi. Makame alipoona kivuli hakukimbia. Alianguka chali, akakunja miguu, akafa. Yaani alijifanya amekufa, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Kanga akamgeuza huku, akamgeuza kule. Kikavu, kigumu, hakina harufu. Kanga akachoka, akainua mguu aende zake.

Kila mtoto wa zizini alijua adabu hii: fukusi akilala chali, haliliwi mpaka jua lizame. Siwema naye aliijua. Lakini alipochungulia akaiona ile miguu iliyokunjwa, alimwona mumewe. Kilio kikamtoka kabla hajakizuia. "Uwii, Makame, jirani yangu!"

Mguu wa Kanga ukarudi.

Ndipo alipotokeza Mbaruku, ndugu wa marehemu mumewe. Mbaruku akampa Kanga mgongo, na zaidi ya mgongo. Wakubwa mnisamehe, bunduki yake ilikuwa huko. Pah! Maji yachemkayo na moshi, mpaka ndani ya jicho. Kanga akaruka akipiga makelele, akitupa miguu ovyo, na ukucha mmoja ukalipasua shimo. Donge likabingirika nje, juani, peupe.

"Piga tena, shemeji," Siwema alimsihi.

"Subiri. Sijajaa," alijibu Mbaruku.

Kanga hakusubiri. Alikuwa amebakiwa na jicho moja, nalo lililiona donge. Akalidaka mdomoni. Siwema alitaka kupiga kelele, na safari hii sauti haikuja.

Aliyekuja ni Bi Shubiri. Huyu alikuwa mwekundu mwenye madoa, mzito wa kuruka, na hakuna aliyemwalika harusini kwa sababu alikuwa mchungu kumkaribia hata kwa harufu. Akaruka akang'ang'ania donge mle mle mdomoni, akakamua magoti yake. Damu ya njano ikachuruzika juu ya donge na juu ya ulimi. Kanga akabana mdomo mara moja. Kisha akatema vyote, akasugua ulimi vumbini, akakimbia.

Donge lilikuwa zima. Bi Shubiri alikuwa amekatika. "Shoga," alisema, "mimi sikujaliwa mtoto." Akakata roho.

Siwema alimtazama, akiomba na huyu awe anajifanya.

Donge likaanza kupasuka. Makame akainuka, akajipangusa vumbi. "Jirani, mimi nilikwisha kumshinda. Kilio chako ndicho kilichomrudisha. Mpe mtoto jina langu, nimfunze kufa apate kuishi. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

"Kulala ni kazi gani?" alisema Mbaruku. "Mimi ndiye niliyemtoa jicho. Tena mtoto ni damu ya ndugu yangu."

"Mshindo wako ndio uliolitoa donge shimoni."

"Na mtoto alipopita juu yako mdomoni mwa ndege, uliinua hata mguu?"

"Maiti akiinua mguu, nani atamwamini tena?" alijibu Makame, bila aibu.

Siwema akawauliza, "Na huyu aliyelala hapa?"

Wakamgeukia Bi Shubiri. Kisha Mbaruku akasema kwa upole, "Shemeji, huyu tutamzika vizuri. Lakini marehemu hafunzi. Ukimpa mtoto jina lake, atafunzwa na nani?"

Siwema akalionja donge. Lilikuwa chungu kwa ile damu ya njano. Mtoto alikuwa akilila kutoka ndani siku zote hizo. Huenda uchungu ulipenya ukamfikia, akawa hana haja ya kufunzwa, huenda uliishia kwenye ganda. Hakuna mama aliyewahi kulijaribu hilo kwa mwanawe wa pekee.

Kule nyuma ya boma la miiba zikasikika tena: paru, paru. Pengine ni yeye, ulimi umepoa. Pengine ni mwenziwe mwenye macho mawili. Donge likatoboka, kichwa kidogo kikatokeza, na mguu mmoja mwembamba ukanyooshwa kuitafuta ardhi. Siwema akafungua kinywa.

Haya, nyinyi mlionyamaza hapo kama Makame, msaidieni upesi, kucha zinakaribia. Amwite mwanawe nani? Je, nani alistahili?