Ufa Uliosemwa kwa Adabu

Mtu mmoja katika kisiwa cha Java, Bwana Wiryono, alikuwa na mtumishi, jina lake Sarijo, aliyelinda tuta la kuzuia maji juu ya mashamba yake ya mpunga. Chini ya tuta palikuwa na nyumba sita za wakulima, na ya kwanza ilikuwa ya Sarijo na mkewe, Painem. Lango la maji lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa kiunoni mwa bwana mwenyewe.

Watu wa kule wana lugha mbili ndani ya lugha moja. Ya chini mtu huitumia kwa mtoto, kwa rafiki na kwa nyati wa kulimia. Ya juu ni ya wakubwa: husemwa polepole, umekaa sakafuni, macho chini, na hata maneno madogo ya kuunganishia, "na", "kwa sababu", "lakini", yana vazi lake la heshima. Heshima si utumwa, na Sarijo aliipenda lugha ile aliyofunzwa na baba yake. Ila kwa Bwana Wiryono "lakini" ya mtumishi haikupokelewa hata ikiwa imevaa vizuri. Aliyemtangulia Sarijo aliisema mara moja tu, akafukuzwa kabla chai haijapoa.

Mvua zikaja, Sarijo akaona ufa katika tuta. Akaenda, akakaa sakafuni, akasema kwa lugha ya juu kwamba maji ni mengi, na tuta ni la zamani, na mvua haijakatika. Bwana akaridhika. Akaagiza maji yasifunguliwe, maana wageni wakubwa wangekuja kutazama mashamba yake yakiwa yamejaa.

"Ndiyo, Bwana," akasema Sarijo. Kwetu tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Masikini huyu hata kuutaja alishindwa.

Siku ya tatu, asubuhi, ufa ukaanza kutema matope. Sarijo akakimbia hadi barazani, wageni wameshakaa, akasimama wima mbele ya bwana wake na kupiga kelele kwa lugha ya nyati: "Lete ufunguo! Tuta linapasuka!"

Mkono wa bwana ulikuwa umekwisha kuushika ufunguo. Kisha akawatazama wageni, na aibu ikampanda usoni.

"Rudia," akasema, "kama mtu aliyelelewa."

Na Sarijo, ambaye mkewe alikuwa akipika chini ya ufa ule, akakunja magoti. Akakaa. Akainamisha macho. Akaomba radhi kwa kuingia, akaomba radhi kwa sauti yake, akalitaja jina la bwana pamoja na vyeo vyake vyote. Alikuwa hajalifikia neno "maji" aliposikia mngurumo.

Katika nyumba ya kwanza haikupatikana hata nguzo.

Nanyi mliokaa kimya hapa, niambieni: kati ya aliyesema "rudia" na aliyerudia, ni nani aliyelibomoa tuta?