Mwenyekiti Aliyefutiwa Chama

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja, mwenyekiti wa chama kidogo cha siasa. Jina la mama sitalitaja, na la chama silitaji pia, maana nawajua. Nikilitaja tu, nusu yenu mtaacha kusikiliza neno mkaanza kutafutana kadi mifukoni.

Mama huyu aliingia kwenye chama akiwa mpiga chapa. Kazi yake ilikuwa kuandika mihtasari ya vikao na kuchemsha chai ya waheshimiwa. Kisha mwenyekiti wa kwanza akapewa cheo serikalini, akahama chama siku hiyo hiyo. Wa pili akamfuata. Makamu naye akasema anaumwa, na mpaka leo hajapona. Funguo za ofisi zikabaki kwa yule mama, na mwenye funguo ndiye anayeulizwa kila kitu. Ndivyo alivyopata uenyekiti. Hakuna aliyempinga, kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka.

Akauongoza miaka kumi na miwili. Aligombea udiwani mara mbili, akashindwa mara mbili, ya pili vibaya zaidi. Sokoni walimwita Mama Mkoba, eti chama chote kinaenea kwenye mkoba wake. Alicheka nao, akanunua nyanya zake, akaondoka. Lakini akifika nyumbani ilimuuma. Tusidanganyane, ilimuuma sana.

Jambo moja aliliweka, ambalo wakubwa wa vyama vingine waliliona kituko. Alisema mkutano wowote wa chama chake utaanza na kazi. Kwanza jembe, hotuba baadaye. Sasa kule milimani kulikuwa na kijiji ambako wanawake walioshikwa na uchungu waliteremshwa zahanati kwa machela, maana gari halipandi. Mama aliwahi kushika mpini wa machela ile siku ya mvua. Wakateleza. Mzazi alipona, mtoto hakupona. Tangu hapo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alipanda kule na wanachama wake arobaini na tatu wa wilaya ile kuchonga barabara. Watu arobaini na tatu, kilomita nne za mwamba na udongo mwekundu. Piga hesabu mwenyewe uone wangemaliza lini.

Ikaja barua kutoka kwa msajili wa vyama. Uhakiki. Kila chama kionyeshe wanachama hamsini katika kila wilaya kilikojiandikisha, wasimame na kadi zao wahesabiwe. Kisichofikisha kinafutwa. Wilaya nyingine alifikisha kwa shida. Ikabaki ile ya milimani. Wanatakiwa hamsini, anao wale wale arobaini na tatu.

Asubuhi ya uhakiki katibu wake akamvuta pembeni. "Mwenyekiti, kuna kadi saba za marehemu. Ninazo hapa, hazina picha. Tuwape ndugu zao wasimame nazo. Nani atajua?"

Mama akazishika zile kadi, akasoma majina, moja moja. Wanne kati ya hao alikwenda kuwazika. Sasa niwaulize, ninyi mngefanyaje? Msijibu haraka. Miaka kumi na miwili ya maisha yako imo mkononi mwako, na hakuna anayekuangalia. Mnasema mngekataa? Haya.

Mama akamrudishia katibu kadi zake. "Hawa walikuwa watu wakweli," akasema. "Wameshalala. Nisiwafanye waongo wakiwa kaburini."

Ofisa akahesabu, akarudia kuhesabu. Alikuwa mtu mstaarabu, alitaka kumsaidia. "Mama, kweli unakosa watu saba? Mimi nitasubiri mpaka saa kumi."

Mama akatazama uwanjani. Watu walikuwa wamejaa, wamekuja kushuhudia, wengi wamevaa fulana za chama kikubwa. Akawatazama majirani wale machoni, mmoja baada ya mwingine, nao wakaangalia chini. Saa kumi ikafika. Ofisa akaandika alichoandika, na chama kikafutwa.

Jioni mama akakaa jikoni kwa dada yake, akalia. Akalia hasa. "Dada, miaka kumi na miwili. Nimebaki na nini?"

Dada yake akamsogezea sahani ya ugali. "Kula kwanza," akamwambia. "Ukishiba utaniuliza tena."

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ikafika, mama akapanda kilimani. Hakwenda kwa kazi. Alikwenda kuwaaga wale arobaini na tatu na kuwaambia basi, yamekwisha, kila mtu arudi kwenye shamba lake. Alipokata kona ya mwisho akasimama. Barabara imejaa watu. Wanaponda mawe, wanasomba udongo kwa karai, kina mama wanapika uji pembeni. Arobaini na tatu wake aliwatambua. Lakini hao wengine je? Anaona fulana za chama kikubwa. Anamwona mwenyekiti wa kijiji, aliyempiga vita katika kila uchaguzi, ameshika sururu, jasho linamtoka.

Akadhani wamekuja kumnyang'anya hata barabara. Akamwendea mama mmoja aliyejifunga khanga ya chama kikubwa.

"Habari za kazi, jirani?"

"Nzuri, mama. Karibu."

"Wewe si wa chama kile?"

"Wa kule kule, na sihami."

"Mbona leo uko huku?"

Yule mama akatua karai lake chini. "Mama, miaka yote hii nilikuwa natamani kuja. Binti yangu naye alibebwa kwa machela hiyo hiyo. Lakini nikishika jembe hapa, jioni nimeshaitwa nimehama. Sasa chama chako hakipo. Nani atanisema?"

Mmesikia maneno hayo? Mama akakaa kwenye jiwe. Hakujua acheke au alie, akafanya vyote viwili. Miaka kumi na miwili alimwomba Mungu amwongezee wanachama ili barabara iishe. Kumbe bendera yake, aliyoichomeka pale kwa fahari kila Jumamosi, ndiyo iliyokuwa ikiwazuia watu.

Barabara ilikamilika kabla ya masika. Mtaniuliza, na chama je? Fomu mpya ya usajili iko mezani kwake, na wapo wanaomsumbua kila siku aijaze, wengine ni wa fulana zile zile. Anawajibu tumalize kwanza mifereji. Mimi nadhani ataijaza, na nadhani safari hii atafika mbali. Lakini atakuwa kiongozi wa namna nyingine kabisa.

Tuje kwetu sasa. Msidhani nilikuwa nawahubiria wanasiasa. Humu hawapo, na waliopo wamekaa karibu na mlango. Ni sisi. Sisi ndio tunaoandika jina la kanisa kwenye mfuko wa unga tunaompelekea mjane, ili jirani yake asome. Tukichimba kisima, kibao kinatangulia maji. Halafu tunashangaa mbona mtaa mzima unatuachia kazi peke yetu. Tunaipenda kazi ya Mungu, au tunapenda ijulikane kuwa ni yetu? Na jina letu likifutwa leo, kesho asubuhi tutaamka kwenda kufanya nini?

Jumatano upepo uliezua paa la yule mzee fundi viatu wa pale njia panda. Mnamjua, anaswali msikiti wa jirani. Wenzake wameshachanga mbao, mabati hawana. Stoo yetu ina mabati kumi na nane, tuliyonunua kwa ajili ya ofisi ya mchungaji. Mchungaji mwenyewe ndiye mimi. Nimevujiwa mle ndani miaka sita, mwaka mmoja zaidi hautaniua.

Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa pale kwa mzee na nyundo yangu. Naomba tuwe wengi. Na zile fulana mpya zenye jina la kanisa mgongoni, tafadhali, mziache nyumbani.