Nani Amwambie Mtoto wa Sauda

Sikilizeni, wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja ashike shauri lake mpaka nimalize.

Palikuwa na mtaa mjini Tanga, ukiitwa Makorongo, mtaa mrefu usiotokea popote. Unaingia mbele, na mwisho wake ni ukuta wa ghala la katani. Hapo walikaa watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Fundi Mntambo alikuwa mchomeleaji, na chuma alichokiunga yeye hakikuachana. Bi Mwanamtama alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, na namba ya gari ikimpita mbele mara moja haisahau tena. Wa tatu ni Mzee Kibwana, mgambo mstaafu, mtu wa neno moja. Akisema hapana ni hapana, na hapakuwa na maneno matamu ya kumgeuza.

Miaka ile mtaa ulikuwa umeingiliwa. Wezi walikuja mchana kweupe, hasa siku za Ijumaa wanaume wakiwa msikitini. Walivunja vioo vya magari, wakang'oa redio na taa, wakaondoka kabla vumbi halijatulia. Watu waliudhika, lakini walivumilia. Mpaka siku moja saa tano asubuhi, Mwalimu Chambo alipotoka nje akamkuta mtu ndani ya gari lake. Mtu yule alikuwa na bisibisi mkononi. Mwalimu alipona, lakini jicho lake la kushoto likapotea.

Jumapili iliyofuata mtaa mzima ulikutana, na kwa mikono kuinuliwa wakakubaliana: liwekwe geti. Miongoni mwa walioinua mikono walikuwamo Zahoro Mdoe, karani wa bandarini, na Sauda, mke wake.

Fundi Mntambo akalitengeneza geti. Alichagua nondo nene, akaweka ncha kali juu, akaificha kufuli ndani ya kasha la chuma isifikiwe na mkasi. Mwezi wa pili mwizi mmoja alipenya kwenye mlango mdogo wa waenda kwa miguu, na watu wakamtaka Mntambo auzibe. Aliwaambia si vizuri mtaa mzima kutegemea mlango mmoja. Lakini aliuchomelea.

Bi Mwanamtama alileta macho yake. Ndiye aliyegundua kwamba wezi wanatumia gari dogo jeupe na kubadilisha namba. Ndiye pia aliyetunga sheria: gari lisilojulikana lisiingie mpaka mwenyeji wake aje getini mwenyewe. Simu haikutosha, kwa sababu wezi waliwahi kupiga simu wakijifanya wenyeji. Mara moja walifika hata wakisema wamekuja kuchukua mgonjwa, na mwanamke akisikika analia kwenye simu. Walifunguliwa, wakavunja magari matatu.

Aliyewafungulia siku hiyo ni Mzee Kibwana, mshika ufunguo. Aibu ile ilimlala moyoni. Aliapa mbele ya mkutano kwamba hatafungua tena kwa maneno ya mtu, na kweli, baada ya hapo alimzuia hata shemeji yake aliyekuja kutoka Muheza na gari la kuazima.

Basi wizi ukakoma. Miezi kumi na moja hakikuvunjika kioo hata kimoja. Mwalimu Chambo akaanza tena kuketi nje ya nyumba yake, na mitaa ya jirani ikatuma watu kuja kuona imefanyikaje.

Siku moja ya Jumatano, saa nane mchana, Sauda akiwa na mimba ya miezi minane, alianza kutoka damu. Mumewe alikuwa kazini. Jirani yake, Mama Hoza, alimpigia dereva wa teksi anayemfahamu, kisha akabaki kumshikilia mgonjwa, maana hapakuwa na mtu mwingine nyumbani. Teksi haikuchelewa. Ilikuwa gari dogo jeupe.

Dereva alisema amekuja kuchukua mgonjwa. Mzee Kibwana akamwita Bi Mwanamtama, akamuuliza kama gari hili analijua. Bi Mwanamtama aliinuka kwenye cherehani, akaisoma namba kwa makini.

"Silijui," alisema. "Na namba yake imepishana herufi moja tu na mojawapo ya namba za wale wezi."

Alisema kweli. Dereva akampigia Mama Hoza, akamnyooshea mzee simu katikati ya nondo. Mzee Kibwana alimsikia mwanamke analia, lakini kilio cha simu alikwisha kukisikia siku ile nyingine. Akamwambia dereva asubiri, akaenda mwenyewe kwa miguu mpaka mwisho wa mtaa kuhakikisha. Kwa mtu wa miaka sabini ni mwendo wa dakika kumi. Alipofika aliyaona mashuka yamelowa damu, akajua. Alirudi mbio, pumzi zikimkata. Kwa haraka yake akauzungusha ufunguo kwa nguvu, ukakatikia ndani ya kufuli.

Majirani walimleta Sauda juu ya godoro, wakamlaza chini mbele ya geti. Teksi ilikuwa upande wa pili, hatua mbili tu, mlango wake wazi. Walijaribu kumpitisha juu, ncha zikawazuia. Walijaribu nyundo, wakajaribu mtaimbo. Mntambo akaitwa kutoka karakana yake katikati ya mji, akaja na grinda, akaanza kukikata chuma chake mwenyewe.

Sauda aliuliza mara moja tu. "Bado?"

"Bado kidogo, mwanangu," Mntambo akamjibu.

Tangu ufunguo ukatike mpaka geti lifunguke zilipita dakika arobaini.

Hospitalini walimwokoa mtoto, wa kike. Mama yake alifariki kabla ya magharibi. Daktari alimwambia Zahoro kwamba kama mgonjwa angewahishwa nusu saa, huenda angepona.

Baada ya arobaini, Zahoro aliwaita wale watatu nyumbani kwake. Walidhani atawashitaki. Walimkuta amempakata mtoto, aliyekwisha kumpa jina la mama yake.

"Sishitaki mtu," alisema. "Na mimi niliinua mkono. Lakini huyu atakua, ataniuliza mama yake alikufaje. Mimi sikuwapo. Nataka mmoja wenu, mmoja tu, aje amwambie, na alibebe jambo hili kama lake. Wawili watakaobaki sitawauliza neno maisha yangu yote."

Bi Mwanamtama alilia sana. Alisema yeye aliulizwa swali akajibu kweli, na kama kweli ni kosa, nani atakayekubali kuulizwa tena? Aliona aende aliyeshika ufunguo. Mntambo alisema yeye ndiye, kwa kuwa aliuziba mlango mdogo huku akijua hatari yake. Kisha akasema hataweza kumtazama mtoto yule usoni, maana macho ni ya mama yake.

Mzee Kibwana alikisogeza kando kikombe chake cha chai.

"Mlinipa ufunguo kwa sababu sifungui kwa huruma," alisema. "Aliyenipa kazi hiyo ndiye aende."

"Aliyekupa ni mtaa mzima," Zahoro akamjibu. "Na mtoto haambiwi na mtaa mzima."

Wakaondoka bila kukubaliana. Geti liliungwa upya, mlango mdogo ukarudishwa, na hadi leo wezi hawajarudi Makorongo. Wale watatu hukutana kila siku barabarani, wakasalimiana, wakapita.

Sauda mdogo sasa ana miaka sita. Wiki iliyopita, baba yake akimfunga kamba za viatu vya shule, alimuuliza. Zahoro alimwambia asubiri, yuko mtu atakuja kumweleza. Tangu siku hiyo kila jioni mtoto huketi mlangoni, akimtazama kila apitaye.

Mmoja alisuka chuma, mmoja alisema kweli, mmoja alitimiza ahadi. Shauri langu mimi ninalo, lakini sitalisema. Je, wewe ungemtuma nani kwa mtoto yule?