Mtoto Aliyepimwa kwa Mizani ya Mahindi

Kaeni. Na ninyi mliosimama kule mlangoni ingieni, viti vipo huku mbele, hakuna atakayeng'atwa. Leo nina hasira. Nasema mapema ili mtu asije akasema baadaye kwamba Mchungaji mama ameamka vibaya. Nimeamka vizuri, nimekunywa chai na kiazi, na bado nina hasira.

Somo mmelisikia, sitalirudia. Nitawapa mfano.

Kulikuwa na mnunuzi mmoja wa mahindi, yeye na mkewe, katika mji ambao mtu asiyelima mahindi basi anayanunua. Uani kwake kulikuwa na mizani kubwa, ile ya sahani ya chuma chini, unaweka gunia unasoma namba. Mzee yule aliiamini mizani yake kupita kiasi. Mkulima akija na maneno mengi, sijui mahindi yangu makavu, sijui gunia langu limeshiba, yeye anamjibu, "Mizani haina ndugu. Weka hapo tuone." Ukimwambia mvua za mwaka huu zimekuwa chache, atakuambia tungoje mavuno yapande mizani ndipo tujue.

Hakuwa mtu mbaya. Ibada hakukosa, mke hakumpiga, na msiba ukitokea jirani alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Msianze kumchukia, maana mkimchukia mtashindwa kujiona.

Basi walikuwa na binti wa miaka tisa, na binti huyo alikuwa mnene. Nani amecheka? Nimesema mnene, sijasema kichekesho. Alipokuwa mchanga ule unene ulikuwa sifa ya mama yake. Akipita naye mgongoni watu wanasema, huyu mama anajua kulea, tazama mashavu hayo. Sisi ndivyo tulivyo. Tukikutana na mtoto hatuna salamu nyingine: ama amenawiri, ama amekonda, na tukishasema hilo tumemaliza habari zake zote.

Sasa mtoto yule akaanza kuumwa tumbo. Asubuhi linamsokota, anakimbilia chooni, linapoa kidogo, anarudi kuvaa viatu, linasokota tena. Wiki hii anaharisha, wiki inayofuata siku tatu choo hakipatikani. Darasani ananyoosha mkono kuomba ruhusa mara tatu, mara nne, mpaka mwalimu akachoka na wenzake wakapata wimbo wa kumwimbia. Mtoto wa miaka tisa, jamani, anaogopa kwenda shule kwa ajili ya choo.

Mama akamwambia mumewe, "Baba watoto, tumbo limemshika tena huyu."

Mzee akasema, "Mtoto wa kilo arobaini na nne anaumwa nini? Mtu akiumwa anakonda. Mlete hapa."

Akampandisha kwenye mizani. Uani, mchana, vijana wa kubeba magunia wamesimama wanaangalia. Akasoma namba, akatikisa kichwa. "Hajapungua hata robo. Huyu hana ugonjwa, ana uvivu wa shule." Wale vijana kuanzia siku hiyo wakamwita Gunia, na baba yake aliposikia akatabasamu, akidhani ni utani wa mapenzi.

Hebu niwaulize. Wewe jino likikuuma usiku kucha, asubuhi unakuwa umepungua kilo ngapi? Wewe mwenye mgongo, ambaye juzi umeshindwa kuinuka kitandani, tukupime tuone kama kweli unaumwa? Mbona mtu mzima akisema naumwa tunamwamini, mtoto akisema tunataka ushahidi?

Ngojeni, bado sijafika.

Akaja shangazi yake mtoto, dada wa mzee, wale mashangazi wenye majibu. Akamtazama mtoto juu mpaka chini, akamwambia mama, "Wifi, hapa hakuna fumbo. Mtoto amezidi. Tumbo lazima liume, limebeba mzigo. Mpunguzieni chakula." Wakampunguzia. Chakula cha jioni kikafutwa, akapewa maji ya limau. Wenzake wanakula ugali na maharage, yeye anaambiwa akakae barazani asitamani. Na kila Jumamosi anapanda mizani. Arobaini na tatu. Arobaini na mbili. Mzee anafurahi, namba inashuka.

Na tumbo? Tumbo linasokota vilevile. Mtoto akasema, "Mama, bado linauma." Mama akamjibu, "Basi hujapungua vya kutosha."

Akakonda mtoto, shingo ikaonekana. Ndipo akaja bibi kutoka kijijini, mama yake mama. Akashika mkono wa mjukuu wake, akapiga kelele nyumba nzima. "Mmemfanya nini mtoto? Lazima tumbo liume, halina kitu ndani." Ikaanza safari ya pili. Uji wa karanga asubuhi, maziwa mchana, ndizi za nazi usiku, kula mjukuu wangu, maliza, ongeza. Namba ikapanda, ikapita pale ilipoanzia. Bibi akafurahi.

Na tumbo? Nijibuni ninyi.

Ndiyo. Linasokota vilevile. Alipokuwa mnene, kosa lilikuwa unene. Alipokonda, kosa likawa kukonda. Nyumba nzima inabishana juu ya kilo, na mwenye tumbo amekaa katikati yao wala hakuna aliyemgeukia kumwuliza linauma wapi, linauma lini, linaumaje.

Hatimaye walimpeleka hospitali, tuwape haki yao. Wakamkuta daktari mmoja mwanamke, mwenye subira, akapima damu, akapima choo, akambonyeza tumbo pole pole, akaanza kumwuliza mtoto mwenyewe. "Linauma wapi, mwanangu? Ukishakwenda chooni linapoa?" Mtoto akamtazama baba yake kwanza, kuona kama ana ruhusa ya kujibu. Daktari akaliona hilo. Akawaambia wazazi, "Sijaona kidonda, sijaona minyoo. Utumbo wake ni mwepesi kushtuka, na ukishtuka unabana. Maumivu ni ya kweli, hajifanyi. Haya yanawapata watoto wanene na wembamba pia. Uzito wake tutauzungumza siku yake, na hautatibiwa kwa kumnyima chakula. Kwa sasa andikeni anachokula na siku linapouma. Asubuhi mpeni muda wa choo bila kumharakisha. Mwulizeni kama kuna kinachomtia hofu shuleni. Na mwambieni kwamba mnamwamini. Mrudisheni baada ya wiki mbili."

Hivi kuna neno gumu hapo? Kuna hata moja linalohitaji kwenda chuo?

Wakatoka. Walipofika getini mzee akasema, "Umesikia? Daktari mwenyewe amesema haoni kitu." Maneno yote yale, akabeba hayo mawili, haoni kitu. Hawakurudi baada ya wiki mbili. Jumamosi mtoto akapanda mizani.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapa wengi wenu mtafurahi. Mtoto akaacha kulalamika. Wiki moja, kimya. Wiki ya pili, kimya. Asubuhi anavaa viatu, anakwenda shule. Mama akasema Bwana ametenda. Jumapili akasimama kanisani akatoa ushuhuda. "Mwanangu alisumbuliwa na tumbo miezi minane. Leo hii halimsumbui tena, wala halitaji." Kanisa likapiga makofi. Vigelegele. Kwaya ikaongeza pambio. Mchungaji akamwita mtoto mbele, akamwekea mkono kichwani, akasema tazameni alivyonawiri.

Baada ya hapo watoto wakaenda kwenye darasa lao, nyuma ya kanisa. Mwalimu wao akawaambia kila mtoto ataje jambo moja la kuombewa. Mmoja akasema baba yake apate kazi. Mwingine akasema kuku wake amepotea. Ikafika zamu ya binti yule.

Akasema, "Mniombee nisikunje uso."

Mwalimu hakuelewa. "Usikunje uso kwa nini?"

"Tumbo likiuma. Nikikunja uso Mama anaona, halafu napandishwa kwenye mizani."

"Lakini wewe si umepona? Mama yako ametoa ushuhuda sasa hivi."

"Sijapona, Mwalimu. Nimeacha kusema."

Mfano umekwisha. Na msigeuke kutafuta mnunuzi wa mahindi humu ndani, wanunuzi wa mahindi wapo saba na hakuna ninayemsema. Nawajua mnavyogeuka. Neno likiwa kali, shingo zinazunguka kumtafuta mwenzako.

Mnadhani hasira yangu ni juu ya yule mzee? Hapana. Wala shangazi, wala bibi, wale walikuwa na upendo, ila upendo wao ulikuwa na mdomo bila masikio. Niwaambie hasira hii ni juu ya nani. Wiki hii nimemtembelea mama mmoja wa hapa hapa, ambaye mtoto wake haendi shule kwa sababu ya tumbo. Nikaingia, mtoto amejikunja kwenye mkeka. Na mimi, mchungaji wenu, niliyezaa watano, niliyesoma miaka minne nijifunze kuhudumia watu, mnajua nilisema nini? Nilisema, "Mbona amenawiri?"

Yule mtoto akainuka, akajinyoosha, akaniamkia vizuri, "Shikamoo, Mchungaji." Nikamwuliza hujambo. Akasema, "Sijambo." Nikashukuru Mungu nikanywa soda yao nikaondoka. Nilikuwa nimefika nyumbani, nafungua mlango, ndipo nikaelewa kwamba mtoto amenidanganya kwa sababu nimemwonyesha kwamba ndicho ninachotaka kusikia. Nikarudi kwa miguu. Safari hii nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwambia nimekosea, niambie. Ilichukua muda mrefu mpaka akaamini kwamba namwuliza kweli. Kisha akalia, na aliyoyasema ni yake, sitawaambia.

Tumewafundisha watoto wetu kwamba maumivu yana adabu zake. Mnene akisema anaumwa, amekula sana. Mwembamba akisema anaumwa, hali chakula. Anayekwenda chooni mara nyingi ni mvivu. Wakishatuelewa wananyamaza, na sisi tunaita kule kunyamaza uponyaji, tunakupigia makofi. Mimi mwenyewe nimepiga makofi hayo. Ni shuhuda ngapi tumeshangilia humu, kumbe ni mtoto amechoka tu kutuambia?

Leo ukifika nyumbani, kabla ya chakula, mwulize mtoto wako mwili wake ukoje. Kisha funga mdomo. Usimpime, usimlinganishe na wa jirani, usimwambie alivyo mnene au mwembamba. Akisema linauma, mwambie nimekuamini, na kesho mpeleke hospitali, na daktari akisema rudini, rudini.

Tusimame tuombe. Na jamani, leo asiwepo wa kumwomba Mungu kwamba mtoto wake aache kulalamika. Mungu akijibu ombi hilo, hatutajua kamwe kinachowauma watoto wetu.