Chungu Kilichomlea Lushinge

"Chujio nalo hushiba." Shangazi aliyasema hayo akafunga mlango. Minza na dada yake, waliokuwa wamempelekea ugomvi wa tatu wiki ile, wakaenda kwa babu Kidoshi wamenuna. Babu akacheka.

"Methali hiyo haikuzaliwa mlangoni kwa shangazi yenu," alisema. "Ilianzia kwenye chungu. Kaeni."

Enzi za machimbo, wachimbaji wa Isagala walinasa dhahabu kwa zebaki, na maji ya kuoshea yakaishia mtoni. Kijiji nacho kilikunywa maji ya mto huo huo. Maji yalionekana safi, basi ukiwaambia watu yana sumu, walikucheka.

Milembe mfinyanzi hakucheka. Alichanganya udongo na pumba za mpunga. Moto ulipozila pumba, chungu kilibaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani alishindilia mkaa uliopondwa, ambao nao una vitundu vyake. Maji yalipenya tone kwa tone, zebaki ikanasa njiani. Bwana Afya alipima akathibitisha, na kila nyumba ikataka chungu cha Milembe.

Vya wenzake vilivunjika vikabadilishwa. Cha kwake alikitunza kama mboni ya jicho, kikafika miaka kumi na minane, na mkaa wake hakuugusa. Kwao chungu cha kupikia kikizeeka ndipo mboga hunoga. Aliamini mkaa nao huzoea kazi. Mwanawe Lushinge alipooa, Milembe alimkabidhi mkwewe Ngolo chungu hicho mbele ya ukoo mzima. Ilikuwa heshima kubwa, na waliokosa walimwonea Ngolo wivu.

Ngolo akapata mimba. Ikiwa bado changa akaanza kusikia ladha ya chuma mdomoni, na ilipofika miezi mitano mikono ikaanza kumtetemeka. Huyo angekuwa mjukuu wa kwanza wa Milembe. Kila alipoiona kata ikitikisika mkononi mwa Ngolo aliingiwa na hofu, na kila alipoingiwa na hofu alimhimiza anywe zaidi maji ya kile chungu.

Msimu huo Bwana Afya alipita tena, akachukua maji nyumba kwa nyumba. Baada ya wiki mbili alirudi, akaketi kwa Ngolo, akaomba Milembe aitwe.

"Mayu," alimwambia, kama Wasukuma wanavyomwita mama, "maji ya chungu hiki hayana tofauti na ya mtoni."

"Umechanganya chupa."

"Nimepima mara tatu."

"Chungu hiki kimenilelea wanangu wanne! Mtazame Lushinge alivyo na afya!"

"Kimewalea, mayu. Na sumu yote kiliyowazuilia imo humo humo. Ulidhani inakwenda wapi?"

Hapo Ngolo akaitaja ladha ya chuma iliyokuwa mdomoni mwake. Milembe akamgeukia. "Ladha hiyo uliisikia tangu lini?"

"Tangu mimba ikiwa changa."

"Mbona hukuniambia?"

Ngolo aliinamisha kichwa. "Ningekisema vibaya vipi chungu cha mama mkwe?"

Neno hilo lilimuuma Milembe kuliko kipimo cha Bwana Afya. Alikinyanyua chungu akakivunje mtoni, Bwana Afya akamzuia: sumu ingerudi kule kule ilikotoka. Walichimba shimo mlimani, mbali na visima, wakalisakafia kwa saruji. Milembe alikibeba mwenyewe kichwani mpaka juu. Alipokiweka chini alisema kwa sauti, "Kazi umeifanya. Kosa ni letu, hatukukupumzisha. Chujio nalo hushiba."

Siku ile ile akakanda udongo mpya. Tangu hapo mkaa ukawa unabadilishwa kila mavuno, katika kila nyumba.

Ngolo alijifungua mtoto wa kike, mdogo wa mwili lakini mzima. Wakampa jina la bibi yake.

Babu Kidoshi alielekeza kidole kwenye nyumba ya shangazi. "Huyo ndiye shangazi yenu. Kwa miaka ishirini, ukoo huu ukikosana, humimina ugomvi wote kwake. Nani amewahi kumuuliza yote hayo anayaweka wapi?"

Dada wawili walitazamana.

"Ugomvi wetu tutaumaliza wenyewe," alisema Minza. "Shangazi tumpelekee uji."

"Mpelekeeni," babu akasema, "na mkifika msimsimulie lolote. Chujio nalo hushiba."