Pimbi Walioliogopa Jua

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo si pakawa, hiyo ni miayo. Watoto wameitika, wakubwa mmejikausha, na hadithi yenyewe ni yenu. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na jabali, na juu ya jabali walikaa pimbi. Mnamjua pimbi? Mdogo, mnene, hana mkia, na baridi ndiyo adui yake. Usiku hulala pangoni wamebanana, asubuhi hutoka kuota jua. Pimbi asipoota jua, hali, hachezi, hukaa kaganda kama jiwe alilolikalia.

Pimbi hao walikuwa na mkubwa wao, Mzee Makame, mwenye ndevu na sauti nzito. Yeye ndiye aliyewafundisha habari za Mwenye Jua, aliyeumba jua na jabali na pimbi. Na alifundisha hivi: jua ni jicho lake. Linatafuta makosa. Atakayeinua kichwa ataonekana, na atakayeonekana atachukuliwa. Basi kila asubuhi pimbi walitoka, wakalala kifudifudi, pua kwenye jiwe, wakaimba:

Vichwa chini, vichwa chini,
Jicho laona, Jicho lahesabu,
Vichwa chini!

Na kweli walichukuliwa. Vuuu! Upepo unapita, kwii! mmoja hayupo. Mzee Makame husema, "Mmeona? Huyo alikuwa na kosa." Nao hulitafuta kosa la marehemu mpaka walipate. Na hawakosi kulipata. Nani hana kosa?

Huko ndiko alikozaliwa Mashavu. Alikuwa na mdogo wake, jina lake Pandu. Asubuhi moja wamelala kifudifudi, Mashavu akamtekenya Pandu ubavuni. Pandu akacheka, hi hi hi! Vuuu! Pandu hayupo.

"Amecheka mbele ya Jicho," akasema Mzee Makame. "Na nani aliyemchekesha?"

Mashavu akazidi kubana pua kwenye jiwe. Alikuwa mtoto. Lakini neno lile lilimwingia likakaa. Akakua nalo, akaolewa nalo, akawa mjane nalo. Hata alipojifungua binti, akamwita Kidawa, neno lilikuwepo. Akamtazama yule mtoto, kijipua kinatweta, akasema, "Wewe hapana. Wewe hutalala kifudifudi."

Akambeba, akahama. Akaenda upande wa pili wa jabali, upande wa kivuli, akaingia katika ufa mwembamba, akauziba mlango kwa majani. Hakumtaja Mwenye Jua. Hakulitaja jua.

"Mama, ule mwanga unaopenya kwenye majani ni nini?"

"Si kitu. Kula."

"Unatoka wapi?"

"Nimesema kula!"

Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mashavu alidhani amemwokoa mwanawe, kumbe amemtoa kwenye hofu akamtia kwenye baridi. Kidawa akaanza kudhoofu. Manyoya yakamsimama, meno yakagongana, ka-ka-ka. Akiletewa majani mabichi, hali. Mama akamkumbatia usiku na mchana, wapi! Joto la mama nalo lina mwisho wake.

Jirani yao alikuwa Bi Mjusi, yule mwenye kichwa chekundu na mdomo usiofungika. Akachungulia ufani.

"Hodi, shoga. Huyo mtoto haumwi. Ana baridi. Mtoe juani."

"Juani kuna Jicho."

"Jicho gani?"

"Linaloona makosa. Linachukua wenye makosa."

Bi Mjusi akacheka mpaka mkia ukamtikisika. "Mashavu, mimi naota jua tangu natoka kwenye yai. Na makosa yangu unayajua, mengine nimekusimulia mwenyewe. Mbona nipo?"

Mashavu akamtazama Kidawa. Akibaki ndani, mtoto atakufa kwa baridi mikononi mwake. Akitoka, Jicho litamwona. Alilia, kisha akayasukuma majani, chwaa! Akambeba mtoto, akapanda mpaka kileleni. Wimbo wa zamani ukamjia mdomoni wenyewe, "Vichwa ch—" Akaumeza. Akampakata Kidawa, akakaa wima.

Jua likawaangukia mgongoni. Likaingia manyoyani. Likaingia mifupani. Meno ya Kidawa yakanyamaza.

"Mama, nani ametuwashia?"

Hapo, enyi wakubwa, ndipo penye kazi. Mtoto ameuliza, na mama anayo majibu tayari, yote ya Mzee Makame.

"Mwenye Jua," akasema Mashavu.

"Ni mkali?"

"Mimi niliambiwa ni mkali. Lakini mwenyewe sijawahi kumwona, mwanangu. Ninalolijua ni hili joto. Wewe unalionaje?"

"Zuri."

"Basi tuanzie hapo."

Kuanzia siku hiyo wakawa wanapanda kila asubuhi. Kidawa akanenepa, akarukaruka, akauliza maswali ya kumchosha hata Bi Mjusi. Mashavu alijibu aliyoyajua. Asiyoyajua alisema, "Hilo silijui." Mwanzoni aliona haya kusema hivyo, baadaye akazoea. Lakini yeye mwenyewe hakuwa amepona. Kidawa alicheza na kichwa juu, mama akakaa wima na macho chini.

Asubuhi moja wako kileleni. Kule chini jabalini ukoo wao umelala kifudifudi, unaimba. Vichwa chini, vichwa chini. Kidawa analitazama jua. Nyinyi msijaribu, nyinyi si pimbi! Pimbi kajaliwa jicho linalostahimili jua.

"Mama, katikati ya jua mna doa."

"Doa gani?"

"Jeusi. Linakua. Mama, lina mabawa!"

Mashavu akainua macho. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akalitazama jua. Akamwona. Mabawa, mdomo, kucha. Tai! Tai anashuka na jua mgongoni ili asionekane. Na wale walioinamisha vichwa wangemwonea wapi?

Mashavu akaelewa yote papo hapo. Pandu! Pandu hakuchukuliwa na Mwenye Jua. Pandu alikuwa windo la tai mwenye njaa, basi.

"Kwiii!" Kidawa alikwishaanza. "Kwiii! Kwiii! Tai!"

"Tai!" akapiga ukelele Mashavu. "Inueni vichwa! Kimbieni!"

"Vichwa chini!" akanguruma Mzee Makame. "Hiyo ni sauti ya mpotovu!"

Wakababaika. Kisha mama mmoja akainua kichwa, kidogo tu, akaona. Akamkwapua mwanawe, huyoo! Na wa pili. Na wote. Purukushani! Mzee Makame peke yake akabaki na pua kwenye jiwe, mpaka wajukuu zake wakamburuta kwa mguu, ndevu zikifagia vumbi. Vuuu! Kucha zikakwaruza jiwe tupu, kwaruuu! Tai akaruka zake na njaa yake.

Walipotulia, wakapanda kileleni. Mzee Makame alikuwa nyuma, anachechemea.

"Nani amekufundisha kutazama juu?" akamuuliza Kidawa.

"Hakuna, babu. Nilikuwa nalitazama jua tu. Zuri."

Mzee Makame akakaa chini. "Mimi nilifundishwa na baba," akasema, na sauti nzito hakuwa nayo tena.

"Pandu alikuwa mtoto," Mashavu akamwambia. "Alicheka, kama watoto wanavyocheka. Hakuwa na kosa. Wala mimi sikuwa na kosa." Akalia kwa sauti, mbele ya wote, kilio alichokibana tangu utotoni. Ningependa niwaambie alimsamehe mzee palepale. Hapana. Alimkasirikia, na alikuwa na haki. Lakini mzee alipotetemeka kwa baridi, hakumzuia kukaa juani na wenzake.

Kesho yake mama wote walileta watoto kileleni. Wakaketi vichwa juu, wengine wakiota jua, wengine wakilinda. Hakuna aliyeimba. Wimbo wa zamani hawautaki, mpya hawana.

"Mama," akasema Kidawa, "asubuhi tumwambie asante Mwenye Jua?"

"Ukipenda, mwanangu."

"Na tukisahau?"

Pimbi wote wakamgeukia Mashavu. Mzee Makame akatega sikio. Hilo ndilo swali walilolelewa nalo, wakalala nalo, wakaamka nalo, na jibu lake kila mmoja alikuwa nalo mgongoni kama kovu. Mashavu akamtazama mtoto, akalitazama jua.

"Litachomoza tu," akasema.

Wakubwa, mmesikia? Mkimlea mtoto kwa kumtisha na Mungu, atainamisha kichwa asione hata adui. Mkimficha Mungu kwa sababu nyinyi mlitishwa, mtamwacha mtoto na baridi. Mtoeni juani, mkae naye, muache aulize. Msilolijua, semeni hamlijui.

Hadithi yangu imeishia hapo, kileleni penye joto. Watoto, waamsheni wazazi wenu, mkalale.